Mamlaka ya Serikali ya Marekani Kulinda Bandari Dhidi ya Ugaidi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Baharia wa Mombasa, Dar es Salaam au Unguja anayepangiwa meli ya kwenda Houston au New York hukutana na sheria hizi kabla hajaiona nchi kavu. Dereva wa lori aliyetoka Bukavu au Bujumbura, akapata makazi Marekani na sasa anabeba kontena, hukutana nazo getini kila asubuhi. Mfanyabiashara wa kahawa au nguo hukutana nazo kwenye karatasi. Majibu haya yameandikwa kwa ajili yao, na yanarefuka zaidi pale ambapo riziki na haki ya mtu wa kawaida vinaguswa.

Ni nani hasa mwenye mamlaka ya kulinda bandari za Marekani?

Mwenye neno la mwisho juu ya meli na magati ni ofisa anayeitwa Kapteni wa Bandari. Huyu si meneja wa bandari, wala si yule anayepanga zamu za winchi na kutoza ada. Kazi hizo ni za mamlaka ya bandari ya mji au jimbo, au za kampuni iliyokodi gati. Kapteni wa Bandari ni ofisa wa Kikosi cha Walinzi wa Pwani, na kila mmoja ana eneo lake lililochorwa kisheria. Anaweza kuiamuru meli isubiri nje, itie nanga mahali fulani, iondoke gatini usiku uleule, au isiguse bandari kabisa. Anaweza kuweka walinzi melini, kulifunga eneo la maji, na kuzuia mtu au kitu kisipande melini.

Kikosi hicho kina sura mbili. Ni tawi la majeshi, lakini pia kina mamlaka ya kipolisi, jambo ambalo ni la pekee, kwa sababu sheria ya mwaka 1878 inayabana majeshi ya Marekani yasifanye kazi ya polisi ndani ya nchi. Tangu tarehe 1 Machi 2003 kiko chini ya Wizara ya Usalama wa Ndani. Kabla ya hapo kilikuwa chini ya Wizara ya Uchukuzi. Pembeni yake wapo wengine: Idara ya Forodha na Ulinzi wa Mipaka inashughulikia shehena na kuamua nani aingie nchini, TSA, yaani Mamlaka ya Usalama wa Usafiri, inachunguza historia za wafanyakazi wa bandarini, na FBI inapeleleza uhalifu wa kigaidi wenyewe.

Mamlaka hayo yalianzia wapi? Ni baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001?

Hapana, na kosa hili hufanywa na wengi. Mizizi yake ina zaidi ya miaka 100.

Usiku wa tarehe 30 Julai 1916, ghala la silaha la Black Tom, kwenye bandari ya New York upande wa Jersey City, lililipuka. Palikuwa na shehena kubwa ya risasi na baruti iliyosubiri kupakiwa kwenda kwa Waingereza, Wafaransa na Warusi, waliokuwa wakipigana na Ujerumani, wakati Marekani yenyewe bado haijaingia vitani. Vioo vya madirisha vilivunjika hadi Manhattan. Vipande vya chuma viliigonga Sanamu ya Uhuru, na tangu siku hiyo wageni hawaruhusiwi kupanda hadi kwenye mwenge wake. Walinzi wa zamu walikuwa wamewasha moto mdogo wa moshi ili kufukuza mbu, na mwanzoni lawama ziliangukia moto huo. Ilichukua miaka mingi ya upelelezi hadi tume ya madai, mwaka 1939, kuamua kwamba waliofanya hujuma hiyo walikuwa majasusi wa Ujerumani.

Kilichoonekana wazi asubuhi yake ni kwamba hakukuwa na ofisa yeyote wa serikali kuu mwenye uwezo wa kusema: shehena hii isilale hapa, mashua hii isikae kando ya ile. Marekani ilipoingia vitani, Bunge lilipitisha Sheria ya Ujasusi ya tarehe 15 Juni 1917, na sehemu yake ya pili iliipa serikali uwezo wa kudhibiti mahali pa kutia nanga na mwendo wa meli wakati wa dharura. Cheo cha Kapteni wa Bandari kilianza kufahamika New York wakati huo, kikiwa na kazi ya kusimamia upakiaji wa milipuko.

Sheria ya Magnuson ni nini, na kwa nini bado inatajwa?

Ni sheria ya tarehe 9 Agosti 1950, iliyopitishwa vita vya Korea vikiwa vimeanza, na iliyoirekebisha ile ya mwaka 1917. Inasema kwamba Rais akiona usalama wa Marekani uko hatarini kutokana na vita, uvamizi, hujuma au machafuko, anaweza kutunga kanuni za kulinda meli, bandari na majengo ya pwani. Rais Truman aliitumia mara moja: kwa amri yake namba 10173 ya tarehe 18 Oktoba 1950 alikabidhi kazi hiyo kwa Walinzi wa Pwani, na kanuni zilizozaliwa na amri hiyo ndizo ambazo Kapteni wa Bandari anazishika mkononi hata leo.

Anayevunja kanuni hizo kwa makusudi, au anayezuia utekelezaji wake, anaweza kufungwa hadi miaka 10. Meli yenyewe nayo inaweza kukamatwa na kutaifishwa. Nahodha anayepokea amri ya Kapteni wa Bandari kwa redio, hata akiiona haina maana, aitii kwanza, kisha wakala wa meli na mawakili wake waipinge kwa maandishi.

Je, mamlaka haya yanaweza kutumika kumnyima mtu kazi kwa sababu ya mawazo yake?

Yaliwahi kutumika hivyo, na habari hii inastahili kusimuliwa taratibu, kwa sababu ulinzi wowote wa bandari unaanza na swali la nani anaaminiwa kuingia.

Chini ya amri ya mwaka 1950, kila baharia na kila mfanyakazi wa gati penye shughuli nyeti alihitaji kibali. Shabaha ya wakati ule ilikuwa wakomunisti. Mtu aliyefanya kazi melini miaka mingi aliweza kupokea barua ikimweleza kwamba yeye ni hatari kwa usalama, bila kuambiwa alifanya nini, lini, wala nani amemsema. Alikuwa na nafasi ya kukata rufaa, lakini rufaa ya namna gani, ikiwa hujui unajibu tuhuma gani? Chama cha mabaharia kilimtambua, nahodha alimtaka, meli ilikuwa gatini, naye akabaki nyumbani na mkoba wake.

Mabaharia kadhaa wa Pwani ya Magharibi walikwenda mahakamani. Mwaka 1955, katika kesi ya Parker dhidi ya Lester, mahakama ya rufaa ya San Francisco iliamua kwamba utaratibu huo unavunja haki ya kusikilizwa iliyomo katika Katiba. Mahakama haikukana kwamba serikali ina haki ya kuchuja watu wanaoingia bandarini. Ilichokataa ni mtu kunyang'anywa riziki yake kwa maneno ya mtoa habari asiyejulikana, ambaye hawezi kuulizwa swali. Serikali haikuipeleka kesi hiyo Mahakama ya Juu, na kanuni zikaandikwa upya.

Mwaka 1968 Mahakama ya Juu yenyewe ilikwenda mbele zaidi katika kesi ya Schneider dhidi ya Smith. Mhandisi wa meli alikuwa amekataa kujibu maswali kuhusu fikra zake na vyama alivyowahi kuwamo. Mahakama ilisema kwamba Sheria ya Magnuson inampa Rais uwezo wa kuzuia matendo ya hujuma, na haimpi uwezo wa kuchungulia mtu anasoma nini na anaamini nini. Tofauti hiyo, kati ya tendo na imani, ndiyo mpaka muhimu kuliko yote katika sheria hii. Msomaji Mwislamu wa pwani yetu, ambaye jina lake pekee limewahi kumchelewesha kwenye foleni ya uhamiaji, ana sababu ya kuzikumbuka kesi hizi mbili.

Basi ni nini kilibadilika baada ya mwaka 2001?

Sheria ilihama kutoka kwenye hujuma ya dola adui na kwenda kwenye ugaidi, na ikahama kutoka kwenye dharura na kwenda kwenye kazi ya kila siku.

Dalili zilikuwapo mapema. Oktoba 1985 meli ya abiria Achille Lauro ilitekwa katika Bahari ya Mediterania na abiria mmoja Mmarekani aliyetumia kiti cha magurudumu akauawa. Tukio hilo lilizaa mkataba wa Roma wa mwaka 1988 dhidi ya uhalifu unaohatarisha usafiri wa baharini. Tarehe 12 Oktoba 2000, manowari USS Cole ilikuwa ikijaza mafuta katika bandari ya Aden, mji ambao watu wa pwani yetu wameujua kwa karne nyingi, pale boti ndogo iliyobeba milipuko ilipoikaribia ubavuni. Mabaharia 17 walikufa. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2002, meli ya mafuta Limburg ilishambuliwa kwa njia hiyohiyo nje ya pwani ya Yemen.

Tarehe 25 Novemba 2002 Marekani ilipata Sheria ya Usalama wa Usafiri wa Majini. Kwa mara ya kwanza kila gati na kila meli inayoguswa na sheria hiyo ilitakiwa kufanya tathmini ya udhaifu wake, kuandika mpango wa ulinzi, na kuupeleka kwa Walinzi wa Pwani uidhinishwe. Wiki chache tu baadaye, Desemba 2002, nchi zilizokutana London chini ya Shirika la Kimataifa la Bahari zilipitisha kanuni za ulinzi wa meli na bandari zinazojulikana kwa herufi ISPS, ambazo zilianza kutumika duniani tarehe 1 Julai 2004. Mwaka 2006 Bunge la Marekani liliongeza sheria nyingine ya bandari, iliyotilia mkazo shehena na kadi za wafanyakazi.

Usalama na ulinzi si kitu kimoja?

Kwa Kiswahili cha kila siku neno usalama hubeba yote mawili, na hapo ndipo tafsiri nyingi za matangazo ya bandarini zinapoteleza. Sheria inatenganisha hatari ya ajali na hatari ya makusudi.

Tarehe 26 Machi 2024 meli ya kontena Dali iliishiwa nguvu za umeme ikagonga daraja la Francis Scott Key huko Baltimore, na mafundi sita waliokuwa wakiziba mashimo ya barabara juu ya daraja walikufa. Kapteni wa Bandari alilifunga eneo la maji la yadi 2,000 kulizunguka daraja. Hilo lilikuwa eneo la usalama wa ajali. Wapelelezi walisema mapema kwamba hakukuwa na dalili ya ugaidi. Lingekuwa tukio la makusudi, ofisa huyohuyo angetangaza eneo la ulinzi, ambalo msingi wake ni Sheria ya Magnuson na adhabu yake ni nzito zaidi. Kwa mvuvi aliye ndani ya boti maeneo hayo mawili yanafanana, kwa kuwa yote humtaka ageuze.

Nina boti ndogo. Nikae umbali gani kutoka kwenye manowari?

Ndani ya yadi 500 za manowari kubwa ya Marekani katika maji ya nchi hiyo, punguza mwendo hadi ule wa chini kabisa unaokuwezesha kuiongoza boti. Ndani ya yadi 100, ambazo ni kama mita 90, usiingie bila ruhusa. Kumbuka ile boti ya Aden.

Viwango vitatu vya ulinzi vina maana gani?

Kiwango cha kwanza ni hali ya kawaida. Cha pili hutangazwa hatari inapoongezeka, na cha tatu pale ambapo shambulio linaonekana kukaribia au limekwisha kutokea. Kapteni wa Bandari anaweza kupandisha kiwango katika eneo lake kwa muda akiona hakuna nafasi ya kusubiri makao makuu. Kwa mfanyakazi, maana yake ni foleni: mizigo mingi zaidi kufunguliwa, milango kupunguzwa, wageni kusindikizwa au kurudishwa. Viwango hivi viko pia katika kanuni za ISPS, hivyo baharia atavikuta Mombasa kama atakavyovikuta bandari ya Savannah, Marekani.

Je, maofisa wanaweza kupanda melini na kupekua bila hati ya mahakama?

Ndiyo, kwa kiasi kikubwa, na hapa sheria ya majini inatofautiana sana na ile ya nyumbani au garini. Sheria inawaruhusu Walinzi wa Pwani kusimamisha, kupanda na kukagua meli katika maji ya Marekani. Mwaka 1983 Mahakama ya Juu ilikubali kwamba chombo kilicho katika maji yanayofunguka baharini kinaweza kupandwa ili kukagua nyaraka hata bila kukishuku. Hoja yake ni kwamba baharini hakuna kizuizi cha barabarani ambacho kila chombo lazima kikipitie.

Kwa abiria, kesi ya kutazama ni ya mwaka 2006. Watu wawili waliopanda kivuko cha Ziwa Champlain walilalamika kwamba mikoba na magari yao vilikaguliwa bila kosa lolote. Mahakama ya rufaa, kwa hukumu iliyoandikwa na Sonia Sotomayor ambaye baadaye alipanda hadi Mahakama ya Juu, ilisema ukaguzi huo unakubalika: ni wa muda mfupi, unafuata utaratibu unaojulikana, na kusudi lake ni kuzuia ugaidi kwenye vyombo vinavyobeba watu wengi. Hata hivyo mahakama ilitambua kwamba abiria ana haki ya faragha katika mkoba wake. Ilipima haki hiyo dhidi ya hatari, haikuifuta.

Kadi ya TWIC ni nini? Mkimbizi au mwenye kadi ya kijani anaweza kuipata?

Ni kitambulisho chenye picha na alama za vidole kinachomruhusu mtu kuingia bila kusindikizwa katika sehemu za ndani za gati na meli zinazolindwa. Hudumu miaka 5. Dereva wa lori la kontena, fundi, mchomeleaji, mpakiaji, wote huihitaji, na bila kadi dereva hubaki nje ya geti akisubiri msindikizaji ambaye huenda asitokee.

Si lazima uwe raia. Mkazi wa kudumu anastahili, na mtu aliyepokelewa kihalali kama mkimbizi, au aliyepewa hifadhi, naye anastahili. Familia nyingi za Kikongo na Kirundi zinazozungumza Kiswahili zimeingia Marekani kwa njia hiyo, na inasikitisha kusikia kijana akiambiwa na jirani kwamba asijisumbue kuomba.

TSA huchunguza hali ya uhamiaji, rekodi ya uhalifu na orodha za ugaidi. Makosa kama ujasusi, uhaini na ugaidi humfungia mtu mlango moja kwa moja. Makosa mengine mazito humzuia ikiwa alihukumiwa ndani ya miaka 7 iliyopita au alitoka gerezani ndani ya miaka 5. Kadi pekee haikupi haki ya kuingia popote: mwenye gati lazima awe na sababu ya kukuruhusu.

Mimi ni baharia wa kigeni. Nina haki ya kushuka nchi kavu?

Kuna milango miwili, na mabaharia wengi huichanganya. Mlango wa kwanza ni wa uhamiaji. Marekani humtaka baharia wa kigeni awe na viza ya wafanyakazi wa meli. Asiye nayo hubaki melini, na nahodha hupewa amri ya kumzuia asishuke. Hapa Kapteni wa Bandari hana la kufanya.

Mlango wa pili ni gati lenyewe. Kwa miaka kadhaa baada ya mwaka 2004, baharia aliyekuwa na viza na kibali halali aliweza kufika chini ya ngazi ya meli akakuta hakuna njia ya kulivuka eneo la gati: hana TWIC, haruhusiwi kutembea peke yake, na msindikizaji anatoza fedha nyingi kuliko mshahara wake wa siku nzima. Huyu alikuwa ametoka baharini wiki tatu, anataka kununua dawa ya meno na kumpigia mama simu. Bunge lilitoa agizo mwaka 2010, na kanuni ya mwaka 2019 ikalazimisha kila gati linalolindwa liwe na utaratibu wa kumpitisha baharia, pamoja na wahudumu wa misheni za mabaharia na wawakilishi wa vyama vya wafanyakazi, kwa wakati unaofaa na bila kumtoza yeye chochote. Ukikataliwa, mwambie ofisa ulinzi wa meli yako aandike tukio hilo, na wakala alifikishe kwa Kapteni wa Bandari.

Kontena la bidhaa zangu linalindwaje kabla halijafika?

Ulinzi huanza mbali sana na Marekani. Maelezo ya shehena hupelekwa kwa Forodha ya Marekani saa 24 kabla kontena halijapakiwa kwenye meli itakayokwenda huko, na meli nayo hutoa taarifa ya kuwasili saa 96 kabla. Maofisa wa Forodha ya Marekani wamewekwa pia katika bandari za nje kwa makubaliano na nchi husika. Barani Afrika wako Durban, na upande wa Ghuba wako Dubai na Salalah, ambako kontena za Afrika Mashariki zinaweza kuhamishiwa meli kubwa. Hawana mamlaka ya kupekua huko. Huwaomba maofisa wa nchi mwenyeji wafungue, na wakikataliwa, wanaweza kuagiza kontena hilo lisipakiwe.

Kitu kidogo kinachobeba uzito wote huu ni lakiri, ule msumari wa chuma wenye namba unaofungwa kwenye komeo la mlango. Mkaguzi hodari haitazami tu. Anasoma namba tarakimu kwa tarakimu na kuilinganisha na hati, anaivuta chini kwa nguvu, kisha anaizungusha, kwa sababu lakiri iliyokatwa na kugundishwa tena huonekana nzima kabisa mpaka izungushwe. Msafirishaji anayemruhusu dereva afunge lakiri njiani, au anayeacha namba iandikwe baadaye, amejitafutia kuchelewa.

Mwaka 2007 Bunge lilitaka kila kontena lipitishwe kwenye mashine ya miale kabla ya kupakiwa ng'ambo, na likaweka mwisho kuwa mwaka 2012. Haijatekelezwa, muda umeongezwa tena na tena, na kwa maoni yangu si uzembe. Bandari nyingi hazina nafasi wala mashine za kufanya hivyo bila kuziba njia nzima.

Marekani ina mamlaka gani juu ya bandari za kwetu?

Haina mamlaka ya kuziendesha. Kila nchi iliyo chini ya kanuni za ISPS huteua mamlaka yake: nchini Kenya ni KMA (Mamlaka ya Usafiri wa Majini ya Kenya), Tanzania Bara ni TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli), na Zanzibar iko ZMA (Mamlaka ya Usafiri Baharini). Kenya iliongeza Kikosi chake cha Walinzi wa Pwani kwa sheria ya mwaka 2018.

Marekani inachoweza kufanya ni kuweka masharti kwa meli. Walinzi wa Pwani hutembelea bandari za nje kutathmini ulinzi wao, na nchi isiyoridhisha huwekwa kwenye tangazo la hadhari. Komoro, Madagaska na Yemen zimewahi kuwamo. Meli iliyopita huko katika vituo vyake vitano vya mwisho lazima iweke walinzi kila pa kupandia, iandike kila hatua, na itarajie kupandwa na maofisa ikifika. Gharama hiyo humrudia mwenye shehena.

Niongeze jambo linalonigusa. Kanuni za ISPS hushika meli za abiria na meli za mizigo za tani 500 na zaidi zinazosafiri nje ya nchi. Majahazi ya mbao yanayoingia Bandari ya Kale ya Mombasa au Malindi ya Unguja hayamo. Ni serikali zetu wenyewe, kwa sheria zetu, zitakazoamua yalindwe vipi bila kuua riziki ya manahodha wake. Si jambo la kinadharia tena: Agosti 2020 wapiganaji waliiteka Mocímboa da Praia kaskazini mwa Msumbiji, mji na bandari yake, na waliishikilia kwa mwaka mzima hadi majeshi ya Msumbiji na Rwanda yalipoikomboa.

Bandari ikikodishwa kwa kampuni ya kigeni, ulinzi unakuwa wa nani?

Swali hili liliitikisa Marekani mwaka 2006, kampuni ya DP World ya Dubai ilipoinunua kampuni ya Uingereza iliyoendesha magati New York, Baltimore, Miami na kwingineko. Serikali ya Rais Bush ilikuwa imeridhia, lakini wabunge walipinga vikali, na kampuni hiyo ikaahidi kuyauza magati ya Marekani kwa Wamarekani. Wasomaji wa Tanzania watakumbuka mjadala wa mwaka 2023 juu ya kampuni hiyohiyo na bandari ya Dar es Salaam.

Kisheria jibu ni lilelile kokote. Mwendeshaji huandika mpango wa ulinzi na kulipa walinzi wa geti. Serikali huuidhinisha, huukagua, na hubaki na uwezo wa kulifunga gati. Mkataba wa kukodisha hauhamishi forodha, uhamiaji wala Kapteni wa Bandari. Hoja iliyo nzito kuliko uraia wa mwekezaji ni kama serikali ina wakaguzi wa kutosha, wanaojua kazi, na ambao ripoti zao zinasomwa.

Je, mashambulizi ya kompyuta yamo katika mamlaka haya?

Yamo. Juni 2017 virusi vya kompyuta viliigonga kampuni ya Maersk na kusimamisha magati yake katika nchi mbalimbali, na Julai 2021 bandari za Afrika Kusini, Durban ikiwamo, zilikwama kwa shambulio la namna hiyo. Kwa amri ya tarehe 21 Februari 2024, Rais Biden alirekebisha zile kanuni za mwaka 1950 ili Kapteni wa Bandari aweze kuchukua hatua dhidi ya tishio la mtandaoni, pamoja na kuizuia meli ambayo mifumo yake ni hatari kwa bandari. Tukio lolote la aina hiyo sasa lazima liripotiwe.

Nimenyimwa kadi ya TWIC. Nifanye nini?

Usitupe barua ile. TSA hutuma kwanza uamuzi wa awali, na una siku 60 za kujibu. Unaweza kuomba upewe nyaraka walizotegemea, na unaweza kuomba muda zaidi ikiwa siku hazitoshi. Ikiwa taarifa zao si sahihi, kwa mfano kesi iliyofutwa inaonekana bado iko wazi, au jina lako limechanganywa na la mtu mwingine, kata rufaa na uambatishe hati ya mahakama. Ikiwa taarifa ni sahihi lakini umebadilika, omba msamaha wa sharti hilo, ukipeleka barua za mwajiri, vyeti vya mafunzo na uthibitisho kwamba umemaliza adhabu. Makosa ya ugaidi na uhaini hayana msamaha huo. Ukikataliwa tena, yapo mazingira ambamo jaji wa masuala ya utawala anaweza kuupitia uamuzi.

Andika jina lako kwa namna ileile kwenye kila karatasi, kuanzia fomu ya kambini hadi leseni ya udereva. Mtu aliyeandikwa Juma Hamisi mahali pamoja na Hamis Juma mahali pengine atachunguzwa kama watu wawili, na siku 60 hupita upesi.